Jino la mchimbaji: tusingoje shavu livimbe

Kule Kampene, mchimbaji akivunjika mguu, wenzake wote wanamkimbilia. Akiumwa na jino, wanamwambia: « Vumilia, itapona yenyewe. » Anaweka chumvi, anameza vidonge vya kutuliza maumivu, anashuka tena kwenye shimo. Siku anapofika hospitali, shavu limekwisha kuvimba na kinachobaki ni kung'oa tu.

Jino haliozi siku moja. Linachukua miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuliokoa.

Sukari ya siku nzima

Kinywani mnaishi vidudu vidogo sana. Tukila sukari, navyo vinaila, kisha vinatoa asidi inayoyeyusha ngozi ngumu ya jino. Mate yetu yanarekebisha uharibifu huo, lakini yanahitaji muda, karibu nusu saa ao zaidi. Ndiyo maana mtu anayekunywa chai ya sukari mara moja pamoja na chakula anaumia kidogo kuliko yule anayebeba chupa ya sukre na kuonja-onja toka asubuhi paka jioni.

Tunajua kwa nini watu wanabeba sukre na bonbon kwenye machimbo: zinatoa nguvu haraka. Lakini karanga, muhogo wa kuchemsha ao yai vinakaa tumboni muda mrefu zaidi. Kinywaji cha kiu kiwe maji safi. Nyumbani, sombe, maharagwe na ndakala wanaoliwa pamoja na mifupa yao vinatia jino na mfupa nguvu. Mapera na mapapai yanasaidia ufizi.

Vumbi na zebaki

Kazi yetu ina hatari zake. Jiwe jeupe lenye dhahabu, lile la kwarsi, ni gumu kuliko jino. Wapapa na wamama wanaotwanga mawe wanakula vumbi lake, na likisagika kati ya meno linayamaliza polepole, bila kusahau mapafu. Tufunge kitambaa chenye maji kwenye pua na mdomo, na tusukutue kinywa mbele ya kula.

Zebaki, ile inayoitwa mercure, ni mbaya zaidi. Mtu anayevuta moshi wake wakati wa kuchoma dhahabu anaweza kupata ufizi wenye vidonda, mate mengi, ladha ya chuma mdomoni, hata meno kulegea. Dalili hizo zikitokea, si kazi ya mswaki tena: ni kuacha moshi ule na kumwona muganga. Na hata siku moja tusiichomee ndani ya nyumba, karibu na watoto.

Mswaki mara mbili

Tupige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ule wa usiku ndio wa lazima, juu mate yanapunguka tukilala. Dawa ya meno iwe na fluor. Neno hilo linaandikwa kwenye tubu. Tuteme povu, lakini tusisukutue kwa maji mengi, ili fluor ibaki kazini. Asiye na brosi atumie kijiti kilichotafunwa ncha: tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani (OMS) linakubali mswaki wa mti. Mchanga na mkaa wa kusaga tuache, vinakwangua. Na chupa tufungue kwa kifungulio, si kwa meno.

Kwa wazazi: karibu na miaka 6, gego kubwa linaota nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wengi wanafikiri nalo litabadilishwa. Hapana, hilo ni la maisha yote. Mtoto chini ya miaka 3 apewe dawa ya meno sawa punje ya mchele tu.

Wakati wa kukimbia

Jino likianza kuuma kwa baridi ao kwa sukari, twende mapema. Tusitie asidi ya betri ndani ya tundu: inaunguza ufizi na kuacha ugonjwa palepale. Na mtu akivimba shavu ao chini ya kidevu, akiwa na homa, akishindwa kufungua mdomo, kumeza ao kupumua vizuri, asilale kwenye machimbo. Usaha ule unaweza kufunga koo na kuua. Tumbebe hospitali usiku ule ule, sawa tunavyombeba aliyevunjika mguu.