Kuutunza Ubongo Tangu Utoto Hadi Uzee

Katika vilima vya Bukiriro, wilayani Ngara, kama ilivyo katika vijiji vya Biharamulo, wazee ndio wanaotegemewa kukumbuka mipaka ya mashamba na nasaba za koo. Mzee anapoanza kuuliza swali lile lile mara tano, au kuipotea njia aliyoizoea, watu husema, "Ni uzee tu." Wengine hunena neno baya zaidi: amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Katika Kanda ya Ziwa shutuma za uchawi zimewagharimu maisha vikongwe wasio na hatia. Yafaa basi ieleweke ni nini hasa hutokea ubongoni.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo 1.4, yaani sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili. Hata hivyo, hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Una chembe za neva zipatazo bilioni 86, nazo hazina ghala la akiba: damu ikikatika kwa dakika chache, huanza kufa.

Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye ni jambo la kawaida. Demensia ni ugonjwa. Aina yake iliyoenea zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Ndani yake protini zisizo za kawaida hujikusanya ubongoni na chembe hufa. Aina nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu. Wala si ugonjwa wa ng'ambo pekee: utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Je, yawezekana kujikinga? Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu sehemu 45 katika 100 za demensia duniani zinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. La kwanza katika maisha ni elimu. Kujifunza huongeza viungo baina ya chembe za neva. Mwenye viungo vingi huweza kupoteza baadhi yavyo bila kudhurika upesi. Shinikizo kubwa la damu na kisukari huharibu mishipa midogo, hivyo vipimo vya mara kwa mara ni muhimu. Tumbaku na ulevi hudhuru. Kutembea na kulima husaidia. Kofia ngumu humkinga mpanda pikipiki na jeraha la kichwa. Masikio na macho yatibiwe mapema, kwani asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na upweke nao ni hatari.

Hatua hizi hupunguza hatari, haziiondoi kabisa. Kwa sababu hiyo, mzee aliyekwisha kupatwa asichekwe wala kushutumiwa, bali apelekwe kituo cha afya, kwani baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama vile upungufu wa vitamini, hutibika. Mwanafunzi anayekaa jioni na babu yake wakicheza bao au kutegeana vitendawili huwa anautunza ubongo wa mzee, na wake mwenyewe pia.