Panda Mbili: ya Kenge na ya Kiwavi

Mguse kiwavi mkubwa wa mchungwa kwa ncha ya kijiti, taratibu. Nyuma ya kichwa chake itachomoza panda ya rangi ya chungwa, laini, yenye majimaji, na papo hapo harufu kali itakupiga puani. Mtoto anayeiona mara ya kwanza ataapa kwamba mdudu ametoa ulimi wa nyoka. Si ulimi. Ni tezi, na kazi yake ni kuwafukuza sisimizi na wengine wanaomnyemelea.

Mwenye ulimi wa panda hasa ni kenge. Huyu wa kandokando ya mito na maziwa, anayeweza kuzidi mita 2 kwa urefu, hutembea akiuchomoza na kuurudisha bila kuchoka. Ulimi huzoa chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilichomo kaakaani. Kwa kuwa ncha ni mbili, kenge hung'amua harufu imezidi kushoto au kulia, na hivyo huyafikia hata mayai ya mamba yaliyofukiwa mchangani. Waswahili husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Mamba angeulizwa, huenda angemfukuza msafarani.

Kiwavi yule hukua akawa kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus kwa jina la kitaalamu. Huyu huonja kwa miguu. Jike hutua kwenye jani changa la mchungwa au mlimau, hulipigapiga kwa miguu ya mbele, likimridhisha hutaga yai moja na kuruka zake.

Kenge jike hutaga kwa mkupuo, pengine mayai 60. Mvua ikishalainisha kichuguu, hukichimba, hutaga humo na kuondoka. Mchwa huliziba tundu wenyewe, yaya wasiolipwa, na mayai hukaa miezi mingi katika joto na unyevu usioyumba.

Anayetoka humo ni kenge kamili, ila mdogo. Kiwavi, kwanza hufanana na kinyesi cha ndege, kisha huwa kijani kama jani, kisha pupa, ndipo apate mabawa. Panda ile hupotea kabisa. Kwa vituko, basi, kenge kashindwa.

Wakulima wa machungwa hawavutiwi na vituko hivyo, maana miche michanga huliwa majani. Kwenye bustani ndogo, waokote viwavi kwa mkono. Ila ziba pua kwanza.