Wazee Wetu Wafua Chuma

Ndugu wasomaji wa Ihanda na vijiji vya jirani, labda siku moja mlipokuwa mkilima kibanja mlikuta jiwe jeusi, zito, lenye matundu kama povu lililoganda. Watoto hulirusha, mama hulitupa kando ya njia. Jiwe la namna hiyo mara nyingi ni mavi ya chuma, yaani taka iliyobaki zamani wazee walipoyeyusha chuma.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Katika nchi zetu hizi, Karagwe na kwa Wahaya, mafundi walichoma makaa ya miti waliyoichagua. Wakachimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya bwawani mpaka yakawa meusi, na juu yake wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Mirija ya udongo iliingizwa mpaka ndani ya moto, vijana wakavukuta mivukuto. Hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, na huo ndio ulikuwa ujanja mkubwa wa mafundi wale. Siku za kuyeyusha, fundi alikaa mbali na mkewe hata kazi iishe. Chuma kilichopatikana kilifuliwa kikawa jembe, shoka au mkuki. Tena jembe lilikuwa mali: lilihesabiwa hata katika mahari.

Huko Bweranyange, yalipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba wakakuta dalili za kazi ya chuma. Masimulizi humtaja Mfalme Ndagara kuwa alikuwa mhunzi hodari yeye mwenyewe. Mwanawe, Rumanyika, ndiye aliyewapokea Waingereza Speke na Grant mwezi wa Novemba 1861. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa ghala la mfalme, akaona mabata ya shaba, ng'ombe wasio na vichwa, na mikuki iliyofuliwa vizuri. Speke naye aliandika kwamba ng'ombe wadogo wa chuma aliowaona walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro. Nadhani hakumwuliza mhunzi!

Kisha yakaja majembe ya viwanda vya Ulaya, ya bei nafuu, na mwanzoni mwa karne ya 20 tanuru zetu zikazimika moja moja.

Basi, hata Ulaya kwenyewe wako watu waliopatwa na jambo kama hilo. Katika Uingereza uko mji wa Sheffield, mji wa wafua visu, ambao chama chao kiliwekwa kwa sheria mwaka 1624. Hapo Huntsman alianza kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo katika miaka ya 1740, na mwaka 1913 Brearley akapata chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko tunavyolia chakula. Baba alifanya kazi ya chuma, na mwana akamfuata kiwandani. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vingi vilifungwa, maelfu wakakosa kazi. Watu wa mji huo hawakukubali habari zao zipotee. Mwaka 1982 walifungua nyumba ya makumbusho mahali paitwapo Kelham Island, na humo mjukuu aweza kuona vyombo ambavyo babu yake alivishika.

Kwetu makumbusho yalikuwa vinywa vya wazee. Je, vinywa hivyo vyaweza kuaminika? Sikilizeni habari ya Katuruka, karibu na Maruku, upande wa Bukoba. Wazee wa huko walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliagiza ajengewe mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka. Walionyesha na mti uitwao Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mwaka 1970 hivi, mtaalamu Mmarekani, Peter Schmidt, alichimba hapo penye mti. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya miaka kama elfu mbili au zaidi.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa wayeyushe tena. Tangu ujana wao walikuwa hawajaigusa kazi hiyo, miaka hamsini au sitini. Mikono ilikuwa imesahau mengi, wakajaribu mara kadhaa, wakibishana juu ya makaa na juu ya udongo, mpaka chuma kikatoka. Habari zao zilichapishwa mwaka 1978 katika gazeti la wataalamu huko Marekani, na zikasomwa dunia nzima. Wataalamu wengine walibisha juu ya ukali wa moto ule, lakini chuma kilikuwa kimeonekana kwa macho.

Wale walioyeyusha mwaka 1976 walikuwa wazee tayari. Na kijana wa miaka 20 aliyesimama kutazama siku hiyo, sasa ni mzee wa miaka kama 70.