Mazoezi: Kwa nini mwenye duka anayakwepa na faida anaijua?

MUULIZE mwenye duka yeyote sokoni kama mazoezi ni mazuri, atajibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Muulize mara ya mwisho alifanya lini, atageuka kutafuta chenji.

Tatizo si kutojua. Redio zinasema, waganga wanasema, na karibu kila mtaa una mtu aliyepata kiharusi au anayeishi kwa dawa za kisukari. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8 hivi, hawakufikia kiwango kinachotakiwa mwaka 2022. Kiwango chenyewe ni angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka.

Kwa mfanyabiashara mdogo hili ni suala la mtaji pia. Duka la mtu mmoja halina naibu. Akilazwa wiki mbili, fedha ya mzigo inageuka ya dawa, wateja wanahamia kwa jirani na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Sasa kwa nini anakwepa? Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2020, anaeleza kuwa mwili wa binadamu ulizoea kutumia nguvu pale penye lazima au penye raha tu. Zamani, aliyekimbia bure alipoteza chakula. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaosifiwa kwa kutembea porini, utafiti uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kuwa hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Ila wao hupumzika wakichuchumaa mara nyingi, na chakula hakiji bila kukifuata kwa miguu. Mzigo wa dukani siku hizi unaletwa na bodaboda.

Mkulima wa jembe la mkono asijihesabu katika kundi hili, maana kazi ya shamba nayo ni mazoezi na WHO inaihesabu. Aangalie tu miezi ya baada ya mavuno, au siku atakapohama shamba na kufungua duka la pembejeo. Tumbo halijui kama kazi imebadilika.

Lipo pia suala la heshima. Kwa wengi kitambi bado ni dalili ya mambo safi, na mwenye fedha anayetembea kwa miguu huulizwa kama gari limeuzwa. Mama mtu mzima akikimbia barabarani, watoto wanamfuata. Aibu hiyo ni kikwazo cha kweli, wala asicheke aliye mbali nayo.

Kubwa zaidi ni hesabu ya kesho. Jasho linalipwa leo, faida inakuja baada ya miaka. Mwaka 2006, watafiti Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha hesabu za kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Wanachama waliolipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walikwenda wastani wa mara 4.3 tu. Kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati kadi ya safari 10 ingewapa kila moja kwa dola 10. Walinunua nia, wakaiacha ukumbini.

Kinachosaidia ni kupanga siku, saa na mahali. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002 uliohusu wanafunzi 248, wale walioelezwa hatari ya ugonjwa wa moyo tu walifanya mazoezi kwa asilimia 35, hawakuwashinda wasioelezwa kitu. Walioelezwa na pia kuandika lini na wapi walifikia asilimia 91.

Kwa hiyo usiseme "nitaanza". Sema Jumanne na Ijumaa nitashuka daladala vituo viwili kabla ya soko, na mwenzangu wa kibanda cha pili tunakwenda wote. Tangu mwaka 2020 WHO haidai tena dakika 10 mfululizo, hivyo hata dakika tano za kuzunguka soko wakati wateja wamepungua zinahesabiwa. Mwenye kisukari, presha au maumivu ya kifua apite kwanza zahanati.