Tiba ya Fikra Nayo Ina Chuo Chake

Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akijifungua kisha akawa hataki kula, hamtazami mwanawe, na analia bila ya sababu ya kuonekana, majibu huwa tayari kabla ya maswali. Mmoja atasema ni jini. Wa pili atasema ni jicho. Wa tatu, naye aghalabu ni mtu mzima mwenye heshima zake, atamwambia: "Mwanangu, subiri. Mshukuru Mola; wangapi hawakupata mtoto?" Mzazi yule atanyamaza, si kwa kuwa amepoa, bali kwa kuwa ameambiwa kwa upole ya kwamba huzuni yake ni utovu wa shukurani.

Mimi nimelelewa chuoni, sina ugomvi na dua wala na subira. Nitakalo kulizungumza leo, wasomaji wapenzi, ni kazi ya yule anayekaa mkekani mbele ya mtu aliyeelemewa na moyo. Je, kazi hiyo ni kipawa anachozaliwa nacho mtu, au ni elimu ifundishwayo kama zifundishwavyo herufi? Nimelichungua jambo hili kwa muda, na nilivyoona ni kwamba ni elimu, tena hata asiye daktari aweza kuisoma, maadamu amepata wa kumsomesha.

ASILI YAKE

Tiba ninayoisema ni tiba ya fikra na mwenendo. Aliyeiwekea misingi ni Aaron Beck, daktari wa akili aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Alizaliwa mwaka wa 1921, akafariki mwaka wa 2021. Katika miaka ya 1960 alitambua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walipitiwa na fikra za ghafla, fupi fupi, kama vile "mimi sifai" au "hakuna anijaliye", nao wakazikubali kana kwamba ni ushahidi uliokwisha kuapiwa.

Hebu tutoe mfano wa mitaani kwetu. Unapita Mji wa Kale, unamtolea salamu rafikiyo, naye hakuitikii. Ukidhani amekudharau, moyo utakuuma, utajifungia nyumbani, na kesho utapita njia nyingine ili usikutane naye. Ukidhani hakukusikia, utamwita tena kwa sauti. Tukio ni lile lile moja. Kilichotofautisha ni dhana, na dhana ndiyo iliyozaa uchungu, na uchungu ndio uliozaa tendo. Mganga wa tiba hii humfundisha mtu kuikamata ile dhana katikati ya njia na kuiuliza: ushahidi wako uko wapi?

Kwa Waislamu jambo hili si geni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka wa 934, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, akatenga sehemu nzima kwa maslahi ya nafsi, akaeleza humo hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Aliona kwamba kama vile mwenye hekima awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa kumshika, ndivyo impasavyo kuweka akiba ya fikra njema angali mtulivu, zimfae siku ya dhiki. Profesa Malik Badri wa Sudan ndiye aliyeifasiri sehemu hiyo kwa Kiingereza.

MWANAFUNZI HUSOMESHWA NINI?

Jambo la kwanza afundishwalo mwanafunzi wa tiba hii ni zito kuliko lionekanavyo: kunyamaza. Sisi watu wa pwani tuna ulimi mwepesi wa nasaha. Mtu hajamaliza kusema, nasi tumekwisha mpa methali mbili. Mwanafunzi hufunzwa kusikiliza mpaka mwisho, kisha kuyarejesha aliyoyasikia kwa maneno machache, ili msemaji ajue kuwa amesikika.

La pili ni kuuliza. Tuseme mzazi anasema, "Mimi si mama wa maana, mtoto amelia usiku kucha." Asiyefunzwa atajibu, "Usiseme hivyo, bibi." Basi, mazungumzo yamekufa. Aliyefunzwa atauliza: Alianza kulia saa ngapi? Ulifanya nini? Ulipomnyonyesha, alinyamaza? Na jirani yako, mtoto wake akilia, humwita mama asiye na maana? Hamwambii kwamba fikra yake ni mbaya. Humshika mkono wakaitazama pamoja, mpaka mwenyewe akaona ilipopinda.

La tatu ni kazi ya nyumbani, kwani fikra haitengenei kwa maneno matupu. Aliyejifungia chumbani hupewa jambo dogo la kulifanya juma hilo: kuoga mapema, kukaa barazani na shoga yake saa za alasiri, kumwimbia mtoto. Wakionana tena huulizana: ulijaribu? Ulijionaje?

Na la nne ndilo lililonikumbusha chuo. Pale hakuna aliyehitimu kwa kuutazama msahafu tu. Ulisoma mbele ya maalimu, naye akakusikiliza, akakurudisha palipokosewa. Tiba hii ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1980 Jeffrey Young na Beck walitunga kipimo chenye mambo 11, kila moja likipewa alama tangu 0 hadi 6, jumla 66. Mwalimu husikiliza kanda ya mazungumzo ya mwanafunzi na mgonjwa, kisha humpimia: ameuliza vyema? Ameelewa? Amegawa wakati wake sawasawa? Aghalabu apataye 40 huhesabiwa kuwa ameiweza kazi. Hiyo ndiyo ijaza yao.

WAKE WA RAWALPINDI

Sasa mtu ataniambia, hayo ni ya watu wenye vyuo vikuu. Basi na tutazame Pakistan, nchi ya Waislamu wenzetu, ambako mzazi huishi na mavyaa yake na mawifi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu.

Serikali ya huko ina wanawake wa afya wa vijijini, kazi iliyoanzishwa mwaka wa 1994. Si madaktari wala wauguzi. Ni wanawake waliosoma skuli, wanaozungukia nyumba za majirani zao. Daktari Atif Rahman na wenzake waliwapa baadhi yao, katika vijiji vya Rawalpindi, mafunzo ya siku mbili ya misingi ya tiba hii, kisha wakawa wanakutana nao kila mwezi kuwasikiliza na kuwasahihisha. Walipewa picha za kuonyesha, ili hata asiyejua kusoma afahamu. Hawakumwita mtu mgonjwa. Walisema wamekuja kwa ajili ya afya ya mama na mtoto, na kwa neno hilo mavyaa naye akafungua mlango akaketi.

Walizuru kila mama mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba hadi mtoto alipokaribia mwaka. Akina mama 903 wenye huzuni nzito walihusika. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008: mtoto alipotimia miezi 6, waliobaki na ugonjwa ule katika kundi la waliozuriwa na waliofunzwa walikuwa 23 katika kila 100. Katika kundi la pili walikuwa 53 katika kila 100.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kundi la pili nalo lilizuriwa mara zile zile, na wanawake wa aina ile ile. Huruma ilikuwako pande zote mbili. Kilichozidi upande mmoja ni mafunzo. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani likakitoa kitabu cha mafunzo hayo kwa nchi zote.

NA SISI JE?

Hapa Kenya pia mlango umekwisha funguliwa. Mwaka wa 2017 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa viungani mwa Nairobi, ambako wahudumu wa afya wa mitaani walifunzwa namna fupi ya tiba ya aina hii, mikutano mitano tu, wakawasaidia wanawake waliowahi kudhulumiwa. Wanawake 421 walihusika, na waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao.

Mwaka wa 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Kwa hivyo mgeni wa kubisha hodi tunaye tayari. Naomba wakubwa wa kaunti zetu za pwani wampe elimu hii pia, yeye na wakunga, na masomo wanaowaangalia wazazi wakati wa arubaini. Isomeshwe kwa Kiswahili chetu, kwa maana mwanamke wa kwetu hasemi ana ugonjwa wa akili. Husema moyo mzito, au ameingiwa na wahka. Kisha awepo mwalimu wa kuwasikiliza kila mwezi, kwani bila ya huyo elimu itachujuka.

Kadhalika wafunzwe mpaka wa kazi yao. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayesema bora afe, huyo si wa mkekani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Dua ya mama mkwe ibaki pale pale, na uji wa mzazi ubaki jikoni. Lakini baada ya dua, na awepo mtu mmoja ndani ya nyumba aliyefunzwa kuuliza swali, kisha akangojea jawabu.