Rangi za Galaksi na Mizani ya Modeli

Mji wa Siakago, katika nchi kavu ya Mbeere, uko chini ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, usiku wa Disemba mnamo saa tatu, anga ikiwa safi, mtazamaji aliye huko huweza kuiona galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini na Wingu Kubwa la Magellan likiwa chini upande wa kusini. Karibu na utosi kimekaa Kilimia, kundi la nyota changa za buluu ambalo jina lake latokana na kulima. Galaksi zile mbili huonekana kama madoa meupe tu, kwani jicho la binadamu halitambui rangi katika mwanga hafifu. Hata hivyo rangi zipo, nazo ndizo mizani ambayo kwayo modeli za kuumbika kwa galaksi hupimwa.

Kwa wanafalaki, rangi ni tofauti ya mng'ao unaopimwa kupitia vichujio viwili. Nyota kubwa huwaka kwa ubuluu na kufa mapema. Ndogo hudumu mabilioni ya miaka zikiwa nyekundu. Hivyo basi, galaksi ya buluu ingali inazaa nyota, na ile nyekundu aghalabu imekoma. Neno "aghalabu" lisipuuzwe. Galaksi changa huweza kuonekana nyekundu kwa sababu ya vumbi lililomo ndani yake, mithili ya vumbi la kiangazi linavyoficha majani mabichi ya muguka kando ya barabara.

Tangu White na Rees walipochapisha nadharia yao mwaka 1978, modeli nyingi zimeshikilia kwamba gesi huangukia ndani ya mata isiyoonekana, ikapoa, ikawa nyota. Maelezo haya yanavutia, lakini yalizaa galaksi kubwa zilizozidi kuwa na mng'ao na ubuluu. Uhalisi ulikuwa mwingine. Mwaka 2001, uchunguzi wa galaksi zaidi ya 140,000 zilizopigwa picha kutoka New Mexico, Marekani, ulionyesha makundi mawili bayana, la buluu na la nyekundu. Na galaksi kubwa kabisa kwa kawaida ni nyekundu. Ni nini kilichozizuia kuendelea kuzaa?

Sehemu ya jibu ilianzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya kuchunguza eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Uhuru ilionyesha kwamba vishada vya galaksi hutoa eksirei zilizotapakaa, na baadaye ikathibitika kuwa chanzo chake ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ilipaswa kupoa na kuwa nyota, lakini kwa sehemu kubwa haikupoa. Mwaka 2006, kundi la Croton na lile la Bower yaliingiza katika modeli zao nishati ya mashimo meusi inayoipasha gesi moto. Galaksi kubwa zikawa nyekundu.

Je, huo ni ushahidi? Kiasi cha nishati hiyo kilirekebishwa ili modeli ilingane na galaksi zilizokwisha kuonekana, na mtahini aliyempa mwanafunzi majibu mapema hana haki ya kushangilia alama zake. Jaribio la haki hutumia kipimo ambacho hakikuhusika katika marekebisho. Kwa mintarafu hiyo, modeli ya IllustrisTNG ina uzito zaidi: rangi hazikuwa miongoni mwa vigezo vikuu vya kuirekebisha, na bado mwaka 2018 ilikaribia uhalisi kuliko Illustris ya 2014.

Nayo darubini ya James Webb imeleta mtihani mpya. Mwaka 2025 iliripotiwa galaksi kubwa iliyoacha kuzaa nyota ulimwengu ukiwa na umri wa takriban miaka milioni 700. Modeli zilizopo hazikutarajia galaksi za namna hiyo kuwa nyingi mapema kiasi hicho.