India: Ubongo wa mtuhumiwa si shahidi wa polisi

MWANAMKE mmoja wa Pune, India, alihukumiwa kifungo cha maisha Juni 2008 kwa kumuua kwa sumu mchumba wake wa zamani. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye mashine iliyopima ubongo wake.

Alivishwa kofia yenye nyaya, akakaa kimya huku akisomewa maelezo ya mauaji. Mashine ikarekodi mawimbi ya ubongo. Waliyoitengeneza wanadai inatofautisha anayekumbuka alilotenda na anayekumbuka alilosikia tu.

Wakosoaji wakahoji: mtu aliyehojiwa na polisi, akitajiwa sumu kila mara, atakosaje kuikumbuka? Baadaye Mahakama Kuu ya Bombay ilimpa dhamana.

Mei 5, 2010, Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Selvi dhidi ya Jimbo la Karnataka, iliamua kuwa mtu halazimishwi kupimwa ubongo, kuwekwa kwenye mashine ya kutambua uongo wala kudungwa dawa ya kumfanya aseme. Hata akikubali, majibu ya kipimo pekee si ushahidi.

Uamuzi huo unatuhusu. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ilitumika Kenya na Tanganyika enzi za ukoloni. Leo Katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na ya Uganda ya 1995 inazuia mshtakiwa kulazimishwa kujitolea ushahidi.

Anayekamatwa Busia au Malaba akiwa na mzigo wake, aijue haki hiyo. Ikiwa mdomo haulazimishwi kusema, kichwa nacho kisipekuliwe.